Ufunguo Nilioutoa kwa Mkono Wangu

Gari letu halikupata kulala mlangoni petu hata siku moja. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa watu na punda, na ukikutana na mkokoteni yakubidi uingie kwenye daka la jirani, ukumbi wa mlangoni pake, upishe. Kwa hivyo pikapu yetu ililala uwanjani, mbele ya Ngome ya Yesu, na ufunguo wake ulilala kwangu, kwenye msumari nyuma ya mlango. Naanza na haya kwa sababu mwenye gari mlangoni pake hataelewa kosa langu. Wale watu waliokuja kulichukua wasingaliliona gari lile kama si mimi.

Sisi ni wapishi wa arusi. Mamangu alipika, nami nikapika, na masufuria yetu miaka yote yalikwenda arusini kwa mkokoteni, hamali mbele na sisi nyuma na buibui zetu, mchuzi ukimwagika kila penye shimo. Mwanangu mkubwa alipochoka na mikokoteni alikwenda kwa kampuni moja ya kuuza magari yaliyokwisha tumika, akachukua pikapu ya kijivu kwa kulipa kila mwezi kidogo kidogo. Mkataba wote ulikuwa Kizungu. Nikamuuliza, "Umeusoma?"

"Mama, watu wote watia sahihi tu."

"Watu wote wafa pia," nikamwambia.

Lakini gari lilipokuja nilifurahi, siwezi kusema uongo. Mara ya kwanza kupeleka biriani Bondeni likiwa bado na moshi wake, bila hata tone la mchuzi nje ya sufuria, niliona kwamba Mungu ameniondolea mzigo mgongoni. Kila mwezi mwanangu akilipa, alinipa risiti. Mimi kusoma Kizungu sijui. Nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, naandika kwa herufi za Kiarabu, na hizi herufi nyingine nimezidokoa ukubwani katika madaftari ya wanangu. Ila najua karatasi haitupwi. Niliziweka kwenye bati la biskuti ndani ya kasha langu, chini ya sanda niliyojinunulia mwenyewe, maana hapo najua hakuna wa kutia mkono.

Ikaja miezi ya mvua zile zilizokata barabara ya bara. Arusi zikaahirishwa, mchele na nyama vikapanda. Mwanangu akakosa kulipa mwezi, akakosa na wa pili, wa tatu akapeleka nusu wakaipokea. Barua ikaja, akaitia mfukoni, hakunambia. Hilo ni kosa lake. Langu ni hili.

Siku hiyo tulikuwa tunangoja posa ya binti yangu, kitindamimba. Mamake kijana anayemposa na shangazi zake walikuwa waje baada ya sala ya alasiri. Tangu asubuhi nimefukiza udi, nimetandika mikeka mipya, nimeweka halwa nyeusi kwenye sahani ya kauri ya marehemu mamangu. Mwanangu alitoka baada ya adhuhuri akaenda Bondeni kwa miguu kuonana na muuza nyama. Ufunguo ukabaki msumarini.

Nikasikia mlango wagongwa, si kwa kiganja, kwa ngumi. Nikatoa kichwa dirishani. Walikuwa wanaume watatu. Mmoja mtu mzima, koti na karatasi mkononi, na vijana wawili wenye mabega kama ya makuli wa bandarini.

"Hodi kwa mwenye gari!" akasema yule mzee kwa sauti ya mnadani. Alikuwa dalali kweli, wala hakuona haya ya kazi yake.

"Mwataka nini?"

"Tumekuja kuchukua gari la kampuni, mama. Halijalipiwa!"

Nikashuka ngazi na kanga kichwani. Nikasimama mlangoni. "Nyinyi mwaona njia ya gari hapa? Hapa punda mwenyewe apita akiinamisha masikio."

Vijana wakacheka. Dalali hakucheka. "Basi liko mahali. Tutakaa hapa mpaka lije. Na kila anayepita tutamuuliza, gari la deni liko wapi."

Akaanza kweli. Alipita mzee mmoja atoka msikitini, dalali akamuamkia vizuri kisha akamuuliza mbele yangu kuhusu gari la deni. Dirisha la pili likafunguka, la tatu likafunguka. Jirani yangu wa mkabala akatoa kichwa. "Bi mkubwa, mumefikwa? Kuna nini?"

"Hakuna neno. Ni wageni wa mwanangu," nikasema.

"Wageni!" akasema mmoja wa wale vijana, akajigonga paja.

Alasiri ilikuwa yakaribia. Nilifikiri jambo moja tu, kwamba mamake kijana atapinda kona ile akute watu watatu wanadi deni letu mlangoni. Posa itavunjika. Na isipovunjika, binti yangu ataingia nyumba ya watu na maneno haya yakiwa yamemtangulia, na kila akikosea chumvi atakumbushwa. Ningeweza kuwaambia wangoje mwenyewe arudi. Ningeweza kufunga mlango. Nilipata akili hizo baadaye, na akili ya baadaye haina faida kwa mtu.

Nikawaambia, "Ingieni dakani, mukae. Musinene kwa sauti."

Wakakaa kwenye baraza za daka letu kama watu waliokuja kutoa pole. Nikawamiminia kahawa. Na kwa kuwa kahawa bila kitu ni aibu, nikawakatia halwa. Halwa ile ile ya posa. Wakala, wakalamba vidole, mmoja akasema, "Mama, hii ni ya Mombasa kweli." Nikapanda juu, nikautoa ufunguo msumarini, nikaja nikauweka katika kiganja cha dalali.

Akautazama, akanitazama. Nadhani katika kazi yake yote hakuwahi kupewa gari namna ile, na kahawa juu. Akatoa karatasi. "Tia sahihi hapa, mama, kwamba hukutuzuia. Utulie, ni utaratibu tu." Nikaandika jina langu kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Akaigeuza karatasi juu chini, akaikunja akaitia kotini.

"Na liko wapi?"

Hapo nilikuwa ningali na nafasi. Ufunguo bila gari ni chuma tu. Lakini nilitaka waondoke mtaani, na waondoke upesi, nikavaa buibui nikatangulia mbele. Niliwaongoza mimi. Nilipita nao kichochoro kwa kichochoro, nikiamkia watu, "Sabalkheri," na jua limeshapinduka, mtu mmoja akanisahihisha, "Masalkheri, bi mkubwa," nikacheka kama mwehu.

Uwanjani palikuwa na Mkamba mmoja auzaye vinyago kwa watalii, ambaye mwanangu alimpa chochote kila Ijumaa atutazamie gari. Alipotuona akasema, "Mama, leo umeajiri madereva watatu? Arusi ya nani hiyo?"

"Ni wageni," nikasema. Neno hilo siku ile nililitumia mpaka likachakaa.

Nyuma ya pikapu mlikuwa na masufuria mawili makubwa na miko yake. Nikawaambia hayo si ya kampuni, hayo ya mamangu. Dalali akafikiri kidogo, labda halwa ilikuwa ingali kinywani, akawaambia vijana wayashushe. Wakayashusha chini kwenye jua kali, wakapanda, wakaondoka na gari. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya masufuria mbele ya Ngome. Mtalii mmoja akanipiga picha. Ikanibidi nimtafute hamali, yakarudi nyumbani kwa mkokoteni, kama zamani.

Wale wakwe walikuja, wamechelewa, na nikashukuru walivyochelewa. Nilikaa nao, nikapokea maneno yao mazuri nikawarudishia mazuri. Sahani ya halwa ilikuwa nusu, nikasema watoto wameizengea. Katikati ya mazungumzo nikamwona mwanangu amesimama penye mlango wa chumba, shati limemtota kwa jasho. Alikuwa amepitia uwanjani. Nikamkazia jicho, naye akaondoka bila kuongea, maana nimemlea mimi.

Wageni walipotoka akaja akakaa mkekani mbele yangu.

"Mama, umewapa ufunguo?"

"Nimewapa."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Na gari ukawaonyesha?"

"Nikawaonyesha."

Akacheka, kicheko kikavu. "Basi si ungewatilia na petroli."

Mwanangu ni mtu wa adabu, na hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote aliyopata kunambia. Alikuwa na arusi tatu mkononi za mwezi wa Shaabani, amezipokea na amana za watu ameshazila katika mchele. Ana mke, ana watoto wanne. Gari ndilo lililokuwa mkono wake wa kulia, na nimelikata mimi kwa kuona haya.

Ni yule muuza vinyago aliyetupa fikra ya wakili. Alimwambia mwanangu, "Mimi walinibebea pikipiki. Usilie hapa kwa vinyago, nenda kwa wakili. Kuna sheria ya vitu vya kulipia kidogo kidogo." Akamwelekeza. Lakini kabla hatujaenda mwanangu alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Mama, kwa wakili utasema walikunyang'anya ufunguo."

"Hawakuninyang'anya."

"Najua. Lakini ukisema umewapa kwa ridhaa yako, watasema tumelirudisha wenyewe, na haki yote imekwisha. Muuza vinyago amenambia. Sema walikusukuma. Nani atakukadhibisha, mwanamke mzima kama wewe?"

"Nitaapishwa?"

Akautazama mlango alioufunga. Kisha akasema, "Utaapishwa."

Mimi ni mkali wa uongo. Wanangu wote nimewachapa kwa uongo, huyu zaidi. Nikamwambia sitaapa uongo kwa ajili ya chuma. Akaniambia, "Si chuma, Mama, ni wajukuu zako." Akatoka. Siku mbili nzima hatukusemezana ila salamu. Siku hizo nilipika sikuonja. Kila nikiutazama ule msumari niliona kwamba kweli yangu yenyewe haina thamani, maana naisema baada ya kuwaharibia. Mwenye kumwaga mchuzi wa watu halafu ajivunie kwamba mkono wake ni safi, huyo ni mtu gani? Nilifikia mahali nikajisemea: basi nitasema walinisukuma, kisha nitafunga siku tatu kuomba msamaha. Nilikuwa nimeazimia hivyo mpaka tunapanda ngazi za ofisi, nimebeba bati langu la biskuti chini ya buibui.

Wakili alikuwa kijana, mtu wa bara, Kiswahili chake cha kitabuni. Akanipa kiti kabla ya mwanangu, nikampenda kwa hilo. Akachukua kalamu. "Mama, nieleze. Gari lilichukuliwa vipi?"

Mwanangu akainamisha kichwa. Mimi nikafungua kinywa niseme walinisukuma, na neno halikuja. Si kwamba nilikuwa mwema. Nilimwona tena mawazoni yule dalali alamba vidole vyake, na uongo ukawa hauna pa kukaa.

"Niliwapa mimi," nikasema. "Nikawapa kahawa, nikawapa halwa, nikawapa ufunguo, nikawaonyesha gari. Nikatia na sahihi."

Mwanangu akatoa pumzi kama mpira uliotobolewa. Wakili hakuandika. Akauliza, "Mkataba una jina la nani?"

"La mwanangu."

"Lako limo?"

"Mimi nitatiwa katika Kizungu cha watu kwa nini?"

"Yeye alikuwapo?"

"Alikuwa Bondeni, kwa muuza nyama."

"Alikutuma ulirudishe gari?"

"Anitume! Hata leo hajanisamehe."

Hapo ndipo wakili alipoanza kuandika. Akasema polepole, akimtazama mwanangu, kwamba mwenye kuweza kulirudisha gari ni yule aliyelichukua kwa mkataba. Mamake hawezi kumrudishia, hata akiwaandalia karamu. Kisha akauliza, "Mumelipa kiasi gani?"

Nikaliweka bati mezani. Akazitoa risiti moja moja, nyingine zina harufu ya karafuu ninazotia kashani mwangu, akazipanga na kupiga hesabu. Mwanangu akamtazama kama mgonjwa amtazamavyo daktari.

"Sheria," akasema wakili, "inasema hivi. Mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, kampuni haiwezi kuja kujichukulia gari. Lazima iende mahakamani kwanza. Ikilichukua bila mahakama, mkataba umekufa, na kila ilicholipwa inaweza kuamriwa irudishe. Ni kwa vitu vya bei isiyozidi kiwango fulani, na lenu liko ndani." Akamgeukia mwanangu. "Theluthi mbili, unaelewa? Yaani ukigawa..."

"Aelewa," nikasema. "Mabinti wawili wakifiwa na baba na hawana ndugu wa kiume, hiyo ndiyo haki yao ya mirathi. Tumefika au hatukufika?"

Akanitazama, akatabasamu mara ya kwanza. "Mmefika, Mama. Mmepita."

Mwanangu akajifuta uso kwa mikono miwili. Mimi nilihisi hasira, si furaha. Barua ile aliyoitia mfukoni, lau angempelekea mtu aisome, angejua haya kabla hawajagonga mlango. Na mimi lau ningejua, ningewaacha wanadi mpaka usiku. Ningewaambia, leteni karatasi ya mahakama, na kahawa munywe kwenu.

Kampuni haikukubali upesi. Walijibu barua ya wakili kwa kuituma ile karatasi yenye sahihi yangu. Wakili akawaandikia kuuliza sahihi ile ni ya nani, na nani miongoni mwao awezaye kuisoma. Niliapishwa, nikasema kama ilivyokuwa, halwa na yote, na karani aliyekuwa akiandika akaficha uso. Tulikwenda mahakamani mara mbili, tukapewa tarehe nyingine mara mbili. Shaabani ikapita. Zile arusi tatu tulizipika kwa mkokoteni, na moja mchele ulifika umepoa, mwenye arusi akatukata malipo mbele za watu. Ramadhani ikaingia, ikatoka.

Kisha kampuni wakaona bora wamalizane. Gari likarudi. Magurudumu manne si yetu, yamekwisha meno, redio hakuna, gurudumu la akiba hakuna. Wakili akasema kwa haki tungeweza kuendelea, tukadai fedha zote. Mwanangu akasema amechoka, ataka gari, na baki alipe kidogo kidogo kwa maandishi mapya. Safari hii karatasi zilisomwa zote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo.

Siku ya arusi ya binti yangu, pikapu ilibeba sufuria zake. Usiku ule wa hina, mamake kijana, ambaye sasa ni mkwe wangu, alinikalia karibu, akanishika goti.

"Mkwe, nikwambie kitu? Siku ile ya posa twalikuona."

"Mulinionea wapi?"

"Pale Ngomeni. Umesimama na masufuria, peke yako, gari laondoka na madalali, waangalia ndia kama uliyefiwa. Twalikuwa twashuka na shangazi zake. Nikawaambia, turudini, tuzunguke kwa nyuma, tusimtie haya. Ndiyo tukachelewa." Akacheka kidogo. "Nawe ukatuambia watoto wamekula halwa. Nikasema, mashallah, watoto wa nyumba hii wana meno makubwa."

"Na hukuvunja posa?"

"Nivunje kwa nini? Sisi wenyewe madalali walitubebea friji kwa deni, na maji ya mgonjwa wetu yamo ndani."

Nilicheka naye, sikuweza kufanya jingine. Lakini nilikwenda jikoni nikasimama peke yangu kitambo. Miezi ile yote, mwanangu akivuta mikokoteni na kutukanwa, nilijipa moyo kwamba walau nimemsitiri binti yangu. Kumbe hapakuwa na aliyehitaji sitara. Gari nililitoa bure.

Sasa kila mwanamke wa mtaa huu akipata barua ya kampuni huniletea, ingawa kuisoma siwezi. Namuuliza jina la nani liko kwenye mkataba, na risiti ziko wapi, na amelipa sehemu gani katika tatu. Namwambia wakija asiwape kitu kwa mkono wake, hata maji. Kisha namtuma kwa wakili.

Mwanangu hanishutumu. Anikatia nyama kwenye sinia kama kawaida, akisafiri aaga. Ila ufunguo huufunga kwa kamba kiunoni, hata akienda kuoga. Msumari ungali nyuma ya mlango. Sijamwambia autundike ufunguo hapo, naye hajautundika.